Ukuta Nyuma ya Kabati

Nilianza kumwonea wivu shemeji yangu miaka mingi kabla hajashika ile kamera, kwa hiyo siwezi kuisingizia kamera. Yeye ni mdogo wa kiume wa mke wangu, wa mama mmoja, na nimemzidi miaka kumi na miwili. Mke wangu nikimpigia simu, anajibu, "Eeh, sema." Akipigiwa na ndugu yake, anavuta kiti, anakaa, anavua viatu kabisa. Nimeishi na jambo hilo miaka zaidi ya arobaini, na mpaka leo likitokea nageukia dirisha kama mtu anayetazama kama mvua inakuja. Hapa Isiolo mvua haiji mara nyingi hivyo. Watu wa nyumbani kwangu walishajua ninatazama nini.

Mimi ni fundi wa kujenga. Nilimaliza kidato cha nne, nikakosa nafasi ya kuendelea, nikashika mwiko na timazi. Nyumba nyingi za mawe upande wetu wa mji, kando ya barabara ya kwenda Ngaremara, nimezijenga au nimezisimamia. Shemeji yangu alipokuwa shuleni alikuja likizo moja nimfundishe kazi. Hakuweza kupanga mawe matatu yakanyooka. Nilimcheka mbele ya mafundi wenzangu, nikamwambia arudi nyumbani akashike kalamu, mwiko haumtaki. Alirudi akashika kalamu. Akasoma mambo ya mitambo ya baridi, akaajiriwa Nanyuki kutunza vyumba vya kuhifadhia maua. Huko ndiko alikojifunza kutumia kamera ya kuona joto, ya kutafuta mahali baridi inapovuja. Baadaye akaanza kuitwa kwenye shule, hoteli na ofisi ambazo watu walikuwa wakilalamika kuumwa kichwa, kukohoa na kuwashwa macho wakiwa ndani, na wakitoka nje wanapona. Anatafuta ni wapi jengo limeziba, ni wapi limelowa. Hiyo ndiyo kazi yake. Mke wangu aliweza kuieleza kazi hiyo kwa mgeni yeyote, kwa dakika kumi, bila kuchoka. Yangu alikuwa akisema, "Mzee ni fundi," halafu anaongeza chai.

Nyumba yetu niliijenga kwa mikono yangu, chumba hadi chumba, mwaka hadi mwaka. Niliitaka iwe tofauti. Majirani wote mabomba yao ya maji yanapita nje ya ukuta, unayaona yakipanda na kushuka. Mimi niliyafukia ndani ya mawe ili ukuta ubaki safi kama karatasi. Sasa, mwenyeji wa mji huu anajua kwamba maji ya mgao hapa huja siku mbili kwa wiki, kwetu Jumanne na Ijumaa. Fundi mwenye akili hulaza bomba, akangoja siku ya maji, akafungulia, akaangalia viungo, ndipo akapiga plasta. Mimi nilimaliza bomba la chumba cha kulala Jumatano. Wakwe zangu walikuwa wanakuja Alhamisi kuiona nyumba, na shemeji akiwa miongoni mwao. Nilipiga plasta Jumatano hiyo hiyo. Walipofika ukuta ulikuwa bado mbichi, lakini ulikuwa umenyooka, na baba mkwe aliugusa akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilimtazama shemeji nione kama ameona.

Kosa la pili lilikuwa matundu ya hewa. Kila dirisha lina matundu juu yake, na kuanzia Juni hadi Septemba upepo wetu huleta vumbi jekundu mpaka kwenye sukari. Niliyaziba yote kwa vipande vya plaiwudi, nikayapaka rangi ya ukuta. Nilijisifu kwa hilo pia.

Kikohozi cha mke wangu kilianza mwaka juzi. Alikuwa akiamka nacho asubuhi, macho yakitoa maji, kichwa kizito, na kufikia saa nne akishakuwa nje kwenye kuku wake anakuwa mzima. Alikwenda Nanyuki kwa ndugu yake wiki moja, kwenye harusi. Akarudi anapumua vizuri kabisa. "Hata sikukohoa," aliniambia. "Hewa ya kwa ndugu yangu ni nzuri." Mtu mwingine angeuliza hewa ya kwetu ina nini. Mimi nilimjibu kwamba kwa ndugu yake hakuna kazi, ndiyo maana.

Tulikwenda hospitali. Walimpima kifua kikuu, hakuna. Wakampa pampu ya pumu. Daktari, kijana mpole, aliuliza, "Mama, nyumba yenu ina unyevu?" Nilijibu mimi kabla hajafungua mdomo.

"Daktari, hii ni Isiolo."

Tukacheka wote watatu, na swali likaishia hapo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa kuliruka. Wiki mbili kabla ya Krismasi iliyofuata nilikuwa napaka rangi nyumba, kwa sababu wakwe walikuwa wanakuja tena. Mke wangu alikuwa kanisani. Chumbani kwetu kuna kabati kubwa la mbao nzito, limeegemea ukuta kando ya kitanda, upande wa kichwa chake. Nilitoa vitu vya chini, nikalisukuma kidogo kidogo. Nyuma yake ukuta ulikuwa na doa jeusi la ukubwa wa sinia, lenye manyoya manyoya kama mkate uliosahaulika, na harufu ya gunia bichi. Nilisimama hapo na brashi mkononi. Nilijua ni bomba. Fundi hakosi kujua. Nilijua pia kwamba kuligusa bomba ni kubomoa ukuta, na ukuta uliobomolewa utakuwa bado wazi siku shemeji atakapoingia. Nikalisugua doa kwa maji ya dawa ya kufulia, nikalipaka rangi ya mafuta mara mbili, nikarudisha kabati. Krismasi ikapita vizuri. Mke wangu aliponiambia kwamba chumba kina harufu, nilimwambia ni nguo zake, anazikunja kabla hazijakauka.

Alilala kando ya ukuta ule miezi zaidi ya tisa.

Septemba kikohozi kilizidi. Akampigia ndugu yake, si mimi niliyepiga, na ndugu yake akasema, "Dada, nakuja kuiangalia nyumba." Nilipoambiwa nilisema nyumba yangu haina ugonjwa. Mke wangu aliendelea kuchambua mchele. "Basi kamera haitaona kitu," alisema. "Unaogopa nini?"

Alikuja Ijumaa, saa tisa alasiri. Alisema alichagua saa hiyo kwa makusudi, jua likiwa limeshapiga ukuta wa magharibi, na alichagua Ijumaa kwa sababu ni siku ya maji. Alishuka kwenye pikapu yake na mkoba mmoja. Jirani yetu, mama wa Kiborana aliyehamia hapa kutoka Merti, alikuwa ameshaegemea ua.

"Salaam aleikum. Huyu ndiye injinia?"

"Aleikum salaam, mama. Mimi tu fundi mdogo," shemeji akasema.

"Injinia, ukimaliza hapo ukuje kwangu pia. Ingawa mimi nyuma nina ile nyumba ya mikeka, hiyo upepo inaingia kama mwenyewe."

Nusu saa mjini na alikuwa injinia. Mimi jirani huyo nimemjengea jiko, choo na ukuta wa mbele, na ananiita "wewe mzee wa simiti".

Kamera yenyewe ni kitu kidogo, inashikwa kama ile bunduki ya kupimia homa, na ina kioo nyuma. Aliielekeza sebuleni na ukuta wangu ukageuka kuwa picha ya rangi: penye joto njano na nyekundu, penye baridi zambarau na buluu. Dari lilikuwa njano tupu kwa sababu ya mabati. Halafu nikaona kitu ambacho sikutegemea. Chini ya plasta na chini ya rangi, mawe yangu yalionekana, safu kwa safu, na mistari ya simiti katikati yao kama mistari ya daftari. Kazi niliyoifanya nikiwa na nguvu zangu. Hakuna mtu aliyeiona tangu niifunike.

"Shemeji," akasema polepole, "tazama vile mistari yako imenyooka. Nimezunguka majengo mengi, sijaona hii."

Alisema kwa moyo wake wote. Ningependelea anitukane. Mke wangu alisogea akatazama kwenye kioo, akamshika ndugu yake bega na kusema, "Kumbe unaweza kuona hata mawe ya ndani!" Mistari ilikuwa yangu, na sifa ilikwenda kwa aliyeishika kamera.

Shemeji alitafuta matundu ya hewa. Akagonga plaiwudi kwa kidole.

"Hizi zimezibwa kwa nini?"

"Vumbi," nikasema.

"Na usiku madirisha?"

"Tunafunga," akasema mke wangu. "Mbu, vumbi, na mzee anasema wezi."

"Wezi wapo," nikasema.

"Miaka thelathini hapa, wameiba kuku mmoja."

Shemeji aliwasha kijiti cha udi, akakishika katikati ya chumba. Moshi ulipanda wima kama uzi, ukafika juu ukaanza kutanda. Haukuelekea popote. "Mnaona? Hewa imekaa tu. Mnavyopumua, mvuke wa kupikia, harufu ya rangi, yote inabaki humu na nyinyi." Aliomba ngazi yangu, na mara moja akabandua plaiwudi ya sebuleni. Nilimshikia ngazi. Ilinibidi nimtazame kutoka chini.

Kisha akaingia chumbani. Nilimtangulia nikasimama mbele ya kabati, kama mtu aliyesimama hapo kwa bahati tu. Akaelekeza kamera. Kioo kilikuwa na ukuta wa rangi ya chungwa, mimi katikati nikiwa mwekundu, na kando yangu, kutoka nyuma ya kabati, ulimi wa buluu ukichungulia kuelekea kitanda.

Mke wangu akaweka mkono mdomoni. "Hiyo ni nini?"

"Baridi," shemeji akasema. "Hii kamera, dada, haioni ndani ya ukuta. Watu hufikiria ni kama eksirei. Inaona joto la juu tu. Kuvu haioni, hewa mbaya haioni. Inaniambia tu mahali pa kuchunguza. Ukuta uliolowa hupoa maji yakikauka, kwa hivyo unaonekana hivi. Lakini pia ukuta uliofunikwa na kabati hukaa baridi, hata kama ni mkavu. Tulisogeze, nipime." Akatoa kifaa kingine, chenye misumari miwili midogo ya kudunga ukutani.

"Halisogei," nikasema.

"Tushike wawili."

"Mbao zimechoka. Likisogezwa linaanguka. Na hapo hapana bomba." Hilo lilikuwa uongo mtupu. "Umesema mwenyewe, ukuta uliofunikwa hukaa baridi."

"Nimesema inawezekana."

"Umesikia, Mama?" nikamwambia mke wangu. "Kivuli cha kabati."

Shemeji alinitazama, na nadhani alikumbuka kwamba yumo ndani ya nyumba ya mtu, chumbani kwa dada yake, mbele ya mume wake. Katika mila zetu hapo si mahali pa kubishana. Akakirudisha kifaa mkobani. "Kama halisogei, mimi siwezi kusema ni maji. Nitakuwa nasema uongo. Lakini shemeji, fungua basi matundu ya humu. Hata leo."

"Nitafungua mwenyewe. Kesho."

Nilishinda. Nisifiche, nilikula chakula cha jioni siku hiyo kwa furaha ambayo sikuwa nimeipata muda mrefu. Mtu aliyesoma, na kamera yake ya bei kubwa, alikuwa ameshindwa na kabati. Ukweli wake ndio niliomfungia nao mlango. Angekuwa mtu wa kubahatisha, angesema ni maji na tungebomoa.

Matundu ya chumbani sikuyafungua kesho yake, wala wiki iliyofuata. Plaiwudi nne, nyundo ya dakika kumi. Kila nilipoitazama nyundo nilisikia sauti ya shemeji ikisema "hata leo", na mkono ukakataa. Mke wangu aliuliza mara mbili. Mara ya tatu hakuuliza.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi asubuhi, baada ya siku ya maji, aliamka na kikohozi kisichokatika. Pampu ya pumu haikusaidia. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, akivuta hewa kama anayevuta kamba nzito, na midomo ikaanza kubadilika rangi. Nilipiga kelele. Jirani alikuja mbio bila viatu, akaniambia mimi ni mtu wa aina gani kumwacha mgonjwa ndani ya nyumba iliyofungwa, akamtoa nje, akasimamisha gari barabarani. Hospitali walimwekea oksijeni. Aliponishika mkono nilihisi ni kama ananiomba kitu, na nilikuwa nacho, na sikukisema.

Ndugu yake alifika adhuhuri. Muuguzi aliingia, akatutazama sote wawili, akamwuliza yeye, "Wewe ndiye bwana yake?" Hata hapo, mke wangu akiwa na bomba la hewa puani, wivu ulipata nafasi ya kukaa.

Siku ya tatu daktari alisema anaweza kutoka, lakini asirudi kwenye nyumba ile mpaka ijulikane ina nini. Nilisema nitamtafutia chumba hapa mjini. Mke wangu alimtazama ndugu yake.

"Nitaenda Nanyuki," akasema.

Nilirudi peke yangu. Nililifungua kabati nikaanza kutoa vitu, na kadiri nilivyotoa ndivyo harufu ilivyozidi. Blanketi. Leso zake. Chini kabisa, sare yake nyeupe ya kina mama wa kanisa, aliyoipiga pasi na kuikunja kwa ajili ya siku kubwa. Mgongoni ilikuwa na madoadoa ya kijivu tangu kola mpaka kiunoni. Nilimwambia ni nguo zake. Nilikaa chini na ile sare mapajani kwa muda ambao sikuupima.

Kabati lilisogea kwa urahisi sana. Nyuma yake rangi yangu ya mafuta ilikuwa imevimba kama ngozi iliyoungua, na doa la sinia lilikuwa limepita ukubwa wa mlango, limefika kitandani. Nilibonyeza kwa kidole gumba. Maji yakatoka.

Nilimpigia shemeji. Nilitaka kusema kabati limevunjika lenyewe nikaona. Maneno nilikuwa nimeshayapanga. Aliposema "Shemeji, habari ya huko?" yakanitoka mengine.

"Ni maji. Ni bomba langu. Na nililijua."

Akauliza, "Ulijua siku ile nilipokuja?"

"Nilijua tangu kabla ya Krismasi. Nilipaka rangi juu yake."

Nilisikia akipumua. Nyuma yake nilisikia vyombo, na watoto wa binti yake wakicheka, na sauti ya mke wangu ikiwaambia waache kumwaga maji. Sauti nzima, bila kikohozi.

"Mimi sitamwambia," shemeji akasema. "Hiyo ni yako. Nampa simu."

"Eeh, sema," akasema mke wangu.

Nikasema. Nilisema yote, na sare nikaitaja. Alingoja mpaka nikamaliza.

"Kwa hivyo ile rangi ulimpakia ndugu yangu," akasema. "Mimi nikalala hapo."

Nililitazama lile doa.

"Na ukaniambia ni mimi sijui kukunja nguo."

Akakata simu. Kwa siku kumi na moja hakunipigia, na nilipompigia alisema hajambo, kuku wanakula nini, basi.

Shemeji alikuja. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo pia sikulipenda, lakini nilikuwa nimeanza kujua kwamba nisichokipenda si lazima kiwe kibaya. Tulifungulia maji, tukangoja. Alinipa kamera niishike mimi. Ukutani, buluu ilianza kama kidoti, ikashuka taratibu, na pale ilipoanzia nikachora msalaba kwa chaki. Nilipiga tindo pale pale. Kiungo cha bomba kilikuwa kinatoa jasho, tone moja moja, hakuna zaidi. Mgao ukikatika kinakauka, ukirudi kinaanza. Jumanne na Ijumaa. Ningengoja siku mbili nisingefika hapa.

Nilibomoa plasta yote ya ukuta ule mpaka kwenye mawe, nikiwa nimejifunga kitambaa puani kama alivyoniagiza. Nililichoma godoro. Bomba jipya nililipitisha nje, juu ya plasta, mbele ya kila mtu. Nilibandua plaiwudi zote za nyumba nzima na kuweka wavu wa mbu mahali pake. Halafu ukuta ukaachwa wazi ukauke, feni ikiuelekea mchana kutwa, na kila wiki shemeji alikuja na ile misumari yake miwili, akadunga, akasoma, akasema, "Bado." Sikuthubutu kusema umekauka. Nilitamani kusema kila alipokuja.

Mwishoni mwa Novemba alisema, "Tumlete ajaribu. Asilale. Akae ndani saa moja, mlango umefungwa, kama kawaida yake. Kifaa changu kinapima ukuta. Yeye ndiye anajua kifua chake."

Alikuja naye saa tatu asubuhi. Mke wangu alikuwa amenenepa mashavu. Alinisalimia kwa mkono kama anavyosalimiwa mzee wa kanisa, akazunguka nyumba, akalitazama bomba la nje kutoka chini mpaka juu.

"Mbaya," akasema.

"Mbaya sana," nikasema.

"Afadhali."

Akachukua kiti na ufumaji wake, akaingia chumbani, akafunga mlango. Mimi na shemeji tulikaa nje kwenye mawe yaliyobaki, chini ya dirisha. Lori lilipita kuelekea kaskazini, vumbi likaja, sote wawili tukayatazama matundu. Baada ya robo saa tukasikia kikohozi kimoja. Shemeji akaniangalia. Nilikuwa nimeshika goti langu kwa nguvu mpaka linauma. Tukangoja cha pili. Hakikuja. Nilijikuta naomba, na katikati ya maombi nikagundua kwamba mtu pekee duniani aliyekuwa anangoja kitu kile kile kwa uzito ule ule alikuwa ameketi kando yangu, na miaka yote nilikuwa nikimhesabu kama mwizi.

Mke wangu alitoka saa ilipotimia, uzi ukiwa umemwachia alama shavuni.

"Nimesinzia," akasema.

"Na hicho kikohozi?" shemeji akauliza.

"Hiyo ni vumbi ya hilo lori." Akageuka, akamtazama ndugu yake. "Sasa unaonaje? Nirudi ama nisirudi?"

Ilinichoma, kama kawaida. Nyumba yangu, mke wangu, na swali linapita mbele ya pua yangu kwenda kwa mwingine. Shemeji alitazama chini. "Mwulize mwenye nyumba," akasema.

Akanigeukia.

"Mimi usiniulize," nikasema. "Nikiulizwa mimi, nitasema rudi, hata kama ukuta unachuruzika. Nilivyo mimi, nitasema ni kivuli. Uamue mwenyewe, na kifua chako."

Alikunja ufumaji wake. Sikumwomba. Ni moja kati ya mambo machache katika habari hii yote ambayo sikuyakosea.

"Basi nitalala sebuleni," akasema. "Wiki moja. Mlango wazi, wezi waje. Nikiona sawa, nitaingia chumbani. Nikiona si sawa narudi Nanyuki, na hakuna mtu ataniambia ni nguo."

"Sawa."

"Na kabati silitaki humo tena."

Tuliingia kukitoa kitanda. Shemeji alishika upande wa kichwani, mimi wa miguuni, na kwenye mlango kikakwama. Nilijua namna ya kukipitisha, mlango ule niliuweka mimi. Yeye akasema tukilaze ubavu. Haikuwa namna yangu. Mke wangu alikuwa amesimama sebuleni akitutazama, nikakilaza ubavu, na kikapita.